Shajara ya mradi: kufunga darubini juu ya Mauser 98

Bunduki: Mauser 98 ya zamani ya kijeshi iliyogeuzwa kuwa ya kuwindia, kaliba .30-06, ya bolti, yaani komeo la chuma linalovutwa kwa mkono kufunga chemba. Usalama wake wa asili, ile bawa inayopinduka juu, umeshabadilishwa na kuwekwa wa pembeni. Mkono wa bolti umeshakunjwa kushuka chini. Bila ya mambo mawili hayo darubini haikai chini kwenye Mauser, hata ukiwa na pete za kuishikia za namna gani.

Matumizi: nguruwe wanaochimbua mihogo na viazi kwenye mashamba ya uwandani, ile ardhi ya mawe ya matumbawe, kusini ya Unguja. Masafa ni mita 30 mpaka 80, aghlabu magharibi jua likizama.

Lalamiko la mwenyewe: "haishiki." Leo inapiga kati, wiki ijayo inapiga shubiri kushoto. Ameshanunua darubini ya pili, na ya pili nayo "haishiki." Mtu akibadilisha darubini na ugonjwa ukabaki, basi ugonjwa hauko kwenye darubini. Uko chini yake.

Lengo: risasi tano ndani ya mduara wa mm 40 kwa mita 50, na zibaki hapo hapo baada ya risasi 20 na safari za gari kwenye njia za mawe.

Kibali cha mwenye bunduki kimeonekana, na namba iliyopigwa kwenye chuma imelinganishwa na iliyoandikwa.

SIKU YA 1: kukagua kabla ya kugusa

Bolti nje, magazini wazi, chemba imetazamwa kwa tochi kisha ikapapaswa kwa kidole. Risasi ziko kwenye sanduku lao chumba chengine, na ufunguo anao mwenyewe. Hili linaandikwa mwanzo kwa sababu siku tano zijazo mtutu huu utakuwa unatazama tumbo la mtu mmoja au mwengine humu karakana.

Darubini haijaguswa bado. Tumeanza na mti wa bunduki, maana mti uliolegea unahamisha shabaha sawasawa na pete iliyolegea, na watu wengi hawaukagui. Skrubu mbili kubwa za chini zinazoshika chuma na mti: ya mbele imekaza, ya nyuma imegeuka robo mzunguko bila ya kutumia nguvu. Halafu mtihani wa noti: noti ya shilingi elfu inapitishwa baina ya mtutu na mti, kuanzia ncha kurudi nyuma. Imepita vizuri mpaka sm 9 kutoka ncha ya mti, upande wa kulia, ikakwama. Mbao imenywa maji ya masika ikavimba, inausukuma mtutu kushoto. Kiangazi itanywea na shabaha itarudi kulia. Basi sehemu ya lile "leo hivi, wiki ijayo vile" imeshapatikana, na bisibisi haijatoka mfukoni.

Mbao imepunguzwa kwa msasa namba 120 uliozungushiwa kijiti chenye unene wa mtutu, mpaka noti mbili zilizokunjwa pamoja zikapita bila ya kugusa. Sehemu iliyokwanguliwa imepakwa vanishi mara mbili. Usipoifunga mbao mbichi, masika ijayo inarudi pale pale.

Sasa juu. Kwenye mwili wa darubini, mbele kidogo ya kila pete, kuna mkwaruzo unaong'aa wenye urefu wa mm 2. Huo ni ushahidi kwamba darubini imeteleza. Bunduki ya risasi inapopiga teke inarudi nyuma kwa ghafla, darubini kwa uzito wake inataka kubaki ilipo, kwa hiyo kwa pete inaonekana kama imekwenda mbele. Ukiona mikwaruzo nyuma ya pete, hiyo ni habari nyengine: aidha mtu aliisogeza kwa mkono bila ya kulegeza pete, au darubini ilikuwa juu ya bunduki ya upepo ya springi, ambayo teke lake linakwenda pande zote mbili.

Kufungua. Skrubu nane za vifuniko vya pete zimetoka bila ya tabu. Zilikuwa zimepakwa mafuta. Skrubu nne za besi, kile kipande kilichofungwa juu ya bunduki na kubeba pete, hazikutaka. Vichwa viwili vimeshaliwa na bisibisi isiyotoshea, na kuna gundi ya skrubu ndani. Njia iliyotumika: ncha ya pasi ya kulehemu bati imewekwa juu ya kichwa cha skrubu dakika moja na nusu, kisha bisibisi iliyosagwa ikajaza ufa wote wa skrubu, inasukumwa chini kwa uzito wa bega ndiyo inageuzwa. Zote nne zimetoka. Moto wa tochi ya gesi haukutumika na hautatumika. Kichwa cha mbele cha risiva, yaani kile chuma kinachobeba mtutu na kufungia bolti, kimepikwa kiwandani kiwe kigumu kwa kiwango maalumu, na ukikichoma unaharibu kitu ambacho huwezi kukiona mpaka siku kinapopasuka mbele ya uso wa mtu.

Chini ya besi ya zamani, ambayo ni ya alumini, kuna unga mweupe kuzunguka kila tundu, na kwenye chuma cha bunduki kutu ya rangi ya kahawa iliyokauka. Alumini, chuma na hewa ya chumvi vikikaa pamoja vinalana. Besi hii haitarudi.

SIKU YA 2: vipimo, na skrubu ya kosa

Skrubu nne zimepangwa juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Tatu ni za aina inayotumika kwenye besi nyingi za bunduki: kipenyo mm 3.5, meno 48 kwa inchi, yaani kila jino na jenziwe ni mm 0.53. Ya nne inafanana nazo mno kwa macho, lakini ni skrubu ya kawaida ya duka la vifaa, M3.5, ambayo umbali wa meno yake ni mm 0.6. Unene ni ule ule. Inaingia mizunguko miwili kwa ulaini, wa tatu inagoma, na aliyeifunga akadhani imekaza. Ilikuwa imeshikilia meno mawili tu, na hayo mawili imeyapinda.

Ikiwa huna geji ya meno, chukua skrubu unayoijua na unayoishuku, zibane meno kwa meno mbele ya taa. Zikiwa za aina moja, meno yanalala ndani ya mwenziwe mwanzo mpaka mwisho na mwanga haupiti. Zikiwa tofauti, baada ya meno manne au matano zinaanza kupandana.

Tundu lenyewe limepona. Meno ya juu mawili yamepitishwa tapu (chombo cha kukatia meno) ya kipimo sahihi kwa mkono, mafuta tone moja, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, takataka zikapulizwa nje. Tapu haikulazimishwa mahali popote. Lingekuwa limeliwa lote, suluhisho lingekuwa kulipanua kwa kipimo kikubwa zaidi, na kazi hiyo ya keekee tungempelekea fundi wa bunduki mwenye mashine ya kushikilia chuma kisicheze.

Halafu skrubu ya mbele kabisa, na hii ndiyo iliyokuwa na siri kubwa. Tundu lake liko juu ya meno ya mtutu, halitoboki. Kina chake kwa vanieri, kile kipimo cha taya, ni mm 4.2. Skrubu ikipitishwa kwenye besi, inatokeza chini mm 4.7. Maana yake inagonga mwisho wa tundu nusu milimita kabla kichwa chake hakijaibana besi. Mkono unahisi "imekaza kabisa." Imekaza kweli, lakini imelikaza tundu, besi iko huru.

Mtihani wa kuigundua hauhitaji vanieri hata kidogo. Weka besi, funga skrubu moja peke yake, kaza, kisha jaribu kuichezesha besi kwa vidole. Ikicheza, skrubu hiyo ni ndefu au imekwama. Itoe, funga ya pili peke yake, rudia. Zikifungwa zote nne kwa pamoja kosa linajificha, maana tatu zinaifunika moja. Kwa uhakika zaidi ipake wino wa kalamu nene kwenye ncha: wino ukikwanguka kwenye ncha na ukabaki mzima chini ya kichwa, jibu unalo.

Mwenyewe alikuwepo akitazama. "Fundi, si ungeikaza tu kwa nguvu zaidi?"

"Mzee, ndivyo ilivyofanywa. Ndiyo maana kichwa kimeliwa."

Tundu la pili la mbele ni kinyume chake: linatoboka mpaka ndani, kwenye nafasi ambamo vishikio vya bolti vinazunguka. Huko skrubu ndefu haidanganyi, inazuia bolti isifunge, au mbaya zaidi inaacha ifunge huku inakikwangua kishikio kila ukifunga. Baada ya kufunga skrubu hiyo bolti irudishwe tupu, ifungwe polepole, na ikwame popote, skrubu itoke.

SIKU YA 3: reli mpya, na daraja lililosagwa

Reli mpya, inayochukua mahali pa besi ya zamani, ni ya chuma, kipande kimoja kinachovuka juu ya tundu la kujazia. Wengine wanapenda besi mbili fupi kwa sababu vidole vinapata nafasi ya kujazia. Ni kweli. Lakini kwenye Mauser iliyotoka jeshini kipande kimoja kinakuonesha makosa ambayo vipande viwili vinayaficha, na leo kimeonesha.

Mauser ya kijeshi ilikuwa na nundu juu ya daraja la nyuma (chuma kinachovuka juu ya bolti nyuma ya tundu la kujazia), pale pa kuchomekea kile kibati cha risasi tano. Aliyeigeuza alisaga nundu hiyo. Aliisaga kwa mkono.

Reli imefungwa kwa skrubu mbili za mbele tu, na chini ya sehemu ya nyuma ikaingizwa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Ya mm 0.20 inapita huru, ya 0.25 inapita kwa kusuguana, ya 0.30 haipiti. Basi daraja liko chini kwa robo milimita. Unaweza kusema robo milimita ni nini? Baina ya skrubu za mbele na za nyuma kuna mm 110. Ukizikaza za nyuma reli inavutwa chini robo milimita, na pembe hiyo ikifika mita 100 inakuwa sm 23. Hizo sm 23 zenyewe si tatizo, darubini ina nafasi ya kuzirekebisha. Tatizo ni kwamba reli sasa ni upinde uliovutwa. Pete mbili juu yake hazitazamani, mwili wa darubini unapindwa katikati, na kila teke la bunduki linaupa upinde nafasi ya kulegea kidogo. Hapo ndipo mtu anapozungusha kitasa cha darubini kliki nne na risasi ikasogea mbili, au isisogee, kisha ikaruka zote nne kwenye risasi inayofuata.

Kibati cha mm 0.25 kingetosha. Tumechagua epoksi ya chuma, kwa sababu daraja si la chini tu, limeinama pia upande wa kushoto, na kibati bapa hakijazi mwinamo.

Mpangilio ulivyokwenda: chuma chote kimefutwa asetoni mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Juu ya daraja umepakwa utando mwembamba wa dawa ya viatu, ile ya nta, ukang'arishwa. Epoksi haishiki kwenye nta, na siku reli itakapotakiwa kutoka itatoka. Matundu ya nyuma na meno ya skrubu yamepakwa nta hiyo hiyo, kwa wingi. Chini ya reli hakuna nta, huko epoksi ishike. Iliyochanganywa ni kiasi cha punje mbili za harage, zaidi ya hapo ni kazi ya kusafisha tu inayoongezeka. Skrubu za mbele zimekazwa kwa kipimo chake kamili. Za nyuma zimeteremshwa kwa vidole mpaka zikagusa, zikaachwa. Ukizikaza, umeirudisha reli kwenye upinde na sasa umeupaka saruji.

Pakiti inasema dakika 40 za kufanyia kazi. Kwa joto la hapa mchana ilianza kugoma kwenye dakika ya 25. Anayefanya kazi hii Januari aifanye alfajiri. Na ile epoksi ya dakika tano isitumike, haina ugumu wa kubeba chuma kinachopigwa teke.

SIKU YA 4

Saa 24 zimetimia. Epoksi iliyotokeza pembeni imekatwa kwa wembe. Reli imetolewa kwa kugongwa kidogo na mpini wa nyundo, imeacha alama kamili ya daraja, hakuna povu. Nta imefutwa.

Kufunga kwa mwisho. Skrubu mpya nne. Ya mbele imepunguzwa kwa tupa mpaka itokeze mm 3.9, ikabaki nafasi ya mm 0.3 chini yake na bado inashika meno saba. Ncha iliyokatwa imepigwa tupa ndogo pembeni. Ukianza kuifunga, igeuze kwanza kinyume mpaka usikie "tik", ndipo uigeuze mbele, haipandi meno. Chini ya reli kwenye bapa la chuma kumepita kitambaa chenye mafuta, utando tu, kwa ajili ya kutu. Matundu na skrubu vikavu kabisa, na gundi ya skrubu ya bluu tone dogo kwa kila moja. Gundi nyekundu ina nguvu kupita haja, ndiyo iliyotutesa siku ya kwanza.

Zimekazwa kwa bisibisi ya kipimo, Nm 2.3 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa zamu mbele na nyuma. Kwa asiyekuwa na bisibisi hiyo: kipini kifupi cha skrubu, vidole vitatu, na kiganja kisisaidie. Hicho ni kipimo cha kubahatisha, na kwa skrubu ya mm 3.5 kuzidisha ni hatari kuliko kupunguza.

SIKU YA 5: pete, jicho, timazi

Darubini ya mwenyewe imerudi, ile ya pili, mm 30 ya mwili, ukuzaji 1.5 mpaka 6. Ya kwanza, iliyouzwa kwa hasira, ilikuwa 6 mpaka 24 yenye kioo cha mbele cha mm 50. Hiyo ilikuwa haifai tangu mwanzo, hata ingefungwa na nani. Kwenye kichaka cha uwandani nguruwe anatoka mita 40, ukimtazama kwa ukuzaji wa 6 unaona manyoya na hujui kama ni bega au paja. Na huku kwetu lazima ujue unachokitazama, maana kichaka hicho hicho ndicho anachokaa paa nunga, yule paa mdogo aliye adimu. Ukuzaji mdogo, uwanja mpana.

Pete ni za chuma, za chini, kila moja na skrubu nne za kifuniko. Nusu za chini zimewekwa kwenye reli, na kabla ya kukaza zimesukumwa mbele mpaka msumari wake wa kati ukagusa ukuta wa mbele wa mfereji. Tumeshaeleza juu kwamba darubini inakimbilia mbele; ukiiachia nafasi ndani ya mfereji, itaitumia. Nati za pembeni zimekazwa Nm 5.

Fimbo ya chuma ya mm 30 imelazwa kwenye pete zote mbili, ndani ya pete kumepakwa wino. Fimbo ikasukumwa mbele na nyuma mara tano bila ya kitu chengine. Wino umefutika kama theluthi mbili kwenye pete ya mbele, na karibu yote kwenye ya nyuma. Kwa kazi ya epoksi ya juzi hilo ndilo lililotarajiwa. Tumesaga kidogo kwa unga wa kusagia, mizunguko 30, ikafika robo tatu, tukaacha. Wapo wanaosaga mpaka pete inang'aa yote kama sahani. Mwisho wake pete inakuwa pana, kifuniko kinakutana na nusu ya chini, na hakuna tena cha kubana. Lazima ibaki nafasi baina ya nusu mbili, na iwe sawa kulia na kushoto.

Unga wa kusagia umesafishwa kwa asetoni mara tatu. Chembe moja ikibaki inaendelea kusaga.

Jicho: ukuzaji umewekwa 6, maana hapo ndipo nafasi ya jicho ni finyu kabisa. Mwenyewe akafumba macho, akaiweka bunduki begani kama anavyoiweka shamba, akafumbua. Kivuli cheusi kizunguke? Sogeza. Picha ilijaa kwa mm 90 kutoka kioo mpaka jicho. Maelezo mengi ya nchi za baridi yanataka ujipimie ukiwa na koti zito. Hapa mtu anavaa fulana, bega liko karibu, na ukifuata koti la Ulaya unaishia kurefusha shingo. Usipungue mm 80 kwa .30-06, chini ya hapo kioo kinachora nusu duara kwenye nyusi, na wapo wanaotembea nayo.

Bolti imefungwa na kufunguliwa: mkono wake unapita mm 4 chini ya darubini. Inatosha.

Msalaba wa darubini kusimama wima. Pimamaji ndogo juu ya reli, bunduki kwenye jiliwa lenye ngozi ikanyooshwa. Nje, mita 25 mbele, timazi ya mwashi imening'inizwa kwenye mwembe, jiwe lake likatumbukizwa kwenye ndoo ya maji lisichezwe na upepo. Darubini ikazungushwa ndani ya pete mpaka mstari wa wima ukalala juu ya kamba. Kwa masafa ya mita 80 msalaba ulioinama kidogo hauharibu chochote cha maana. Lakini jicho linapouona umeinama linainamisha bunduki yote ili kuunyoosha, na hapo mchezo unaharibika.

Wakati wa kukaza vifuniko ndipo darubini inapozunguka. Ukikaza upande mmoja kwanza, inafuata upande huo. Robo mzunguko kwa robo mzunguko, kwa mkato wa msalaba, huku mtu wa pili jicho lake liko kwenye kamba ya timazi. Mwisho Nm 2 kila skrubu. Hapa hakuna gundi wala mafuta. Skrubu yenye mafuta kwa kipimo kile kile inabana zaidi sana kuliko kavu, na darubini iliyobanwa kupita kiasi inapata vishimo na vyuma vyake vya ndani vinagoma. Zile skrubu nane zilizotoka kwa ulaini siku ya kwanza zilikuwa na mafuta, na zikiwa na mafuta zinajifungua pia. Mambo yote mawili yalikuwapo: mwili una vishimo, na umeteleza.

Rangi ya kucha nyekundu: mstari mwembamba kutoka kila kichwa cha skrubu kuingia kwenye pete, na mwengine kutoka pete kuingia kwenye mwili wa darubini.

SIKU YA 6: uwanjani

Uwanja wenye ruhusa, alfajiri, kabla kusi haijaamka. Nyuma ya shabaha kuna tuta la udongo lenye kimo cha kutosha. Kule shamba watu wanapiga kuelekea ukuta wa mawe ya matumbawe. Jiwe hilo halimezi risasi, linairusha upande lisilokuambia.

Kwanza bila ya risasi. Bolti nje, bunduki imara juu ya magunia ya mchanga, shabaha mita 25. Unatazama ndani ya mtutu kwa nyuma, unaiweka duara nyeusi ya shabaha katikati ya duara la mtutu, na bila ya kuitikisa bunduki unauleta msalaba juu ya duara hiyo. Angalizo: kitasa kilichoandikwa "juu" kinapandisha mahali inapopiga risasi, kwa hiyo machoni msalaba unashuka. Wengi wanapotea hapa, wanazungusha kitasa upande mmoja mpaka kinafika mwisho.

Kliki moja ya darubini hii ni robo dakika ya pembe: mm 1.8 kwa mita 25, mm 3.6 kwa mita 50, mm 7.3 kwa mita 100.

Risasi ni za gramu 11.7, boksi moja, namba moja ya toleo. Ya kwanza kwa mita 25: mm 40 kulia, mm 52 chini. Kwa kaliba hii, msalaba ukiwa mm 45 juu ya mtutu, kwa mita 25 risasi inatakiwa iwe kama mm 18 chini, si katikati. Basi kliki 22 kushoto, na juu mm 34 tu, yaani kliki 19. Ya pili: imekaa.

Mita 50. Risasi tano, dakika tatu za kupoa baina ya moja na nyengine. Matundu matano ndani ya mm 31, kati yake iko mm 9 kulia. Kliki mbili kushoto. Ya tatu ingevuka. Ukiilinganisha kati kwa mita 50, kwa mita 100 inapiga kama mm 4 juu, ambayo kwa mnyama si kitu. Kwa hiyo mwenye shamba ana bunduki moja ya kulengea kati kuanzia mita 30 mpaka 100 bila ya hesabu yoyote.

Mraba, mtihani wa vitasa vya darubini: kliki 20 kulia, risasi moja, 20 juu, moja, 20 kushoto, moja, 20 chini, moja. Pembe ziko mbali baina ya mm 70 na 75 (hesabu ni 72), na risasi ya mwisho imerudi kwenye kundi la mwanzo. Darubini iliyolaumiwa haina kosa.

Rangi ya kucha imetazamwa kwa kioo cha kukuzia: mistari yote mizima.

SIKU YA 27

Bunduki imerudi baada ya safari nane za shamba nyuma ya gari na risasi 11. Imeletwa ndani ya mfuko wa sponji, na sponji imelowa. Mkoba huo umetolewa kazini: sponji inashika unyevu wa chumvi na kuulaza juu ya chuma usiku kucha. Bunduki ikae kwenye sanduku la chuma lenye vifuko vya silika, na vifuko vikaushwe kila mwezi. Kwenye kioo, chumvi ipeperushwe kwanza kwa brashi laini. Ukifuta kwa kanga unaisaga ndani ya rangi ya kioo.

Mistari ya rangi: vifuniko vyote vizima. Nati ya pete ya nyuma, mstari umekatika, umesogea unene wa unywele. Imerudishwa Nm 5, ikapakwa rangi upya ya kijani ili ijulikane ni ya leo.

Noti mbili zimepita chini ya mtutu mpaka mwisho.

Risasi tatu za mita 50, mtutu baridi: ndani ya mm 26, kati yake mm 4 juu ya alama ya siku ya sita. Kliki moja ni mm 3.6. Kitasa hakikuguswa. Ukaguzi unaofuata umeandikwa mwisho wa vuli, mbao ikishakunywa tena.